Mfuko wa Miraba Juu ya Kabati

Jumanne, 6 Juni 2017

Daftari hili si langu, ni la Padri Firmin. Amenipa leo baada ya misa, jeusi, jalada gumu, pamoja na kalamu mbili, akaniambia: "Papa Ignace, utaandika tarehe na yale unayoyaona kwa macho yako. Usiongeze chumvi." Nikamwambia, Padri, chumvi naitia kwenye mihogo tu. Hakucheka. Ni kijana wa miaka thelathini na tatu, amesomea Kinshasa na Roma, na kote huko somo la kucheka halikuwepo.

Basi kwanza ajulikane anayeandika. Mimi ni Ignace, fundi cherehani, mtu wa Kalemie, niko Johannesburg tangu 2003. Nimebeba magunia bandarini, nimeuza mitumba Lusaka, nimelala jela Harare siku nne kwa sababu ya mke wa mtu ambaye hata mkono sikumpa, na nimemshonea suti waziri mmoja ambaye simtaji kwa heshima ya familia yake. Shule niliacha sekondari mwaka wa pili, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa daktari yeyote. Mavazi yote ya mapadri wa parokia yetu yamepita chini ya sindano yangu. Ndiyo maana nimechaguliwa. Hiyo, na mikono: msichana akianza kujitupa anahitaji mtu wa kumshika, na wanaume wengine wa parokia wote wameumwa mgongo wiki hii hii.

Msichana anaitwa Héritière, ana miaka ishirini na mbili, msusi katika saluni moja Rosettenville. Anakaa kwa mjomba wake Jacques, anayefanya kazi ya ulinzi Randburg. Mama yake amebaki Uvira. Tangu katikati ya Mei anaanguka, vidole vinakunjamana, anaongea kwa sauti isiyo yake, kisha hakumbuki. Madaktari wawili wamempima kichwa na damu, wakasema hawaoni kitu. Askofu ametoa barua: Padri François, mzee wetu, atamsomea ile sala kubwa ya kutoa pepo, Padri Firmin atamsaidia. Jumanne na Ijumaa, saa tisa alasiri, chumba cha nyuma ya kanisa.

Pepo mimi siogopi. Nimekwisha sema nililala jela Harare.

Jumatano, 7 Juni

Baridi ya kukata masikio. Nimeutoa mfuko wa miraba wa Jacques chini ya meza, nimeuweka juu ya kabati. Hauna uhusiano na habari hizi. Naandika kwa sababu Padri alisema niandike.

Ijumaa, 9 Juni

Siku ya kwanza. Chumba kina godoro, viti vinne vya plastiki na hita moja inayotoa harufu ya vumbi kuliko joto. Padri François alivaa shingoni stola, ule ukanda mrefu wa zambarau, niliyoishona mimi; msalaba wa kulia umepinda kidogo, lakini hilo hulioni usipoambiwa. Padri Firmin alishika maji ya baraka. Jacques alikaa kwenye kona na rozari. Héritière alikaa kwenye godoro, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Msusi kuwa na kichwa kama kile! Hapo ndipo niliposhikwa na huruma, sikuwa nimejiandaa.

Litania ilipita salama. Padri alipofika kwenye amri, aliposema "Toka," mtoto akaanguka. Nikamshika miguu. Mimi niliyeinua magunia ya kilo mia bandarini nilirushwa kama taulo. Aliniuma kidole gumba. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mama mtu mzima mwenye kikohozi. Ilisema neno moja tu, mara nyingi: "Baridi. Baridi. Baridi."

Padri Firmin alimwaga nusu ya maji kwenye viatu vyangu.

Baada ya saa moja mtoto alifungua macho. "Papa Ignace, nimemuumiza mtu?"

Nikaficha kidole mfukoni. "Wewe? Umelala kama katoto ka paka."

Jumamosi, 10 Juni

Mbio za farasi Turffontein, kipaza sauti kinasikika mpaka dukani kwangu. Nilichagua farasi mweupe kwa sababu ya macho yake. Bado anakimbia mpaka sasa.

Jumanne, 13 Juni

Siku ya pili. Sauti ile ile, baridi ile ile, saa nzima na nusu. Hakuna kilichotoka isipokuwa jasho.

Baadaye Padri François aliniita jikoni kwake tunywe chai. Ni mzee wa miaka sabini na mmoja, mtu wa Rumonge kule Burundi, anatembea na fimbo. Alikoroga sukari mpaka nikadhani anatafuta kitu ndani ya kikombe.

"Ignace, ulishawahi kushona bila vipimo?"

"Mara nyingi, Padri. Mteja akiwa mbali, nakadiria."

"Na inamkaa?"

"Wengine inawakaa. Wengine sijui, hawarudi kuniambia."

"Mimi nina miaka arobaini na nne nakadiria," akasema. "Nikisoma yale maneno najisikia kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Hata kwa huyu binti. Naamuru, lakini simwoni ninayemwamuru. Wala Yule anayenituma."

Nina vichekesho vya kila msiba na kila harusi. Leo nilitafuta kimoja, sikukipata. Nikamwongeza chai.

Ijumaa, 16 Juni

Sikukuu ya vijana, ya kuwakumbuka wanafunzi waliouawa 1976, watu wako barabarani wamevaa sare za shule hata wenye mvi. Sisi tulikuwa chumbani.

Mtoto alianguka mapema, kabla litania haijaisha. Padri François akaweka ncha ya stola begani kwake, akauliza kama kitabu kinavyotaka: "Kwa jina la Yesu Kristo, sema jina lako."

Hita ikilia tiki, tiki.

"Sema jina lako!"

"Brigitte," ikasema ile sauti. "Mimi ni Brigitte. Nilikufa tarehe kumi na tisa mwezi wa nne, na ninyi mnakula, mnacheka. Mmenificha. Nani atanililia? Nina baridi."

Rozari ya Jacques ilianguka chini.

Padri Firmin akageuka. "Brigitte ni nani?"

"Dada yangu," Jacques akasema. Midomo yake ilikuwa ya majivu. "Mama wa huyu mtoto."

"Amekufa?"

"Tarehe kumi na tisa Aprili, Uvira, kifua. Lakini Padri, huyu hajaambiwa! Hakuna aliyemwambia, naapa mbele ya msalaba huo!"

Ikabidi aeleze. Ninyi mtakaolisoma daftari hili labda si watu wa kwetu, kwa hiyo naeleza na mimi. Kwetu kifo cha mzazi hakipigwi simu kwa mtoto. Mtoto anaambiwa na wakubwa, wamekaa, wameandaa mikono ya kumdaka. Mpaka siku hiyo, mama ni mgonjwa, au simu ya mama imeharibika. Jacques alikuwa anamsubiri Joël, kaka wa Héritière, atoke Cape Town. Karatasi za Joël zikachelewa wiki, kisha mwezi. Na katika mwezi huo kila mtu wa Uvira na Kalemie katika jiji hili alijua, akamsalimia Héritière kwa meno yote nje.

Padri Firmin alifungua kitabu chake, kidole kikasimama kwenye mstari: moja ya alama za pepo ni kujua mambo yaliyofichwa. Akafunga. Akaanza kukohoa bila kikohozi.

Lakini uso niliouangalia mimi ni wa Padri François. Mzee alikuwa anang'aa. Alikuwa na uso wa mtu aliyebisha hodi miaka yote ile, leo akasikia kiti kinasogezwa ndani.

Wakakubaliana mtoto asiambiwe bado. Jacques alisema pepo anataka hasa hilo, habari itolewe ovyo, apate mlango wa kuingia mzima mzima. Padri Firmin akasema kwanza atoke, ndipo binti apewe msiba wake.

Na mimi, Ignace, nilikuwa nimeshika miguu. Sikusema kitu. Nimeandika niliyoyaona kwa macho yangu, kama nilivyoagizwa.

Jumapili, 18 Juni

Maandamano ya Ekaristi. Padri François alizunguka mtaa mzima bila fimbo, anaimba mpaka akinamama wa kwaya wanamtazama. Tulipofika kwenye robot, zile taa za barabarani za kona, magari yamesimama, akaniinamia sikioni: "Yupo, Ignace! Kama huyu mchafu yupo, basi na Yule yupo. Nimekuwa mjinga mzee."

Nikamwambia Padri, wewe mjinga? Nikatabasamu. Tabasamu langu najua linavyokaa, leo lilinibana kama kola.

Jumatatu, 19 Juni

Padri Firmin amekuja dukani kuchukua kanzu. Hakuihitaji. Anasema analala taa ikiwaka. "Roma nilifanya mtihani wa mambo haya, nikapata alama nzuri. Nilidhani naamini, Papa Ignace. Kumbe nilikuwa nasoma tu."

Ajabu: mmoja amempata Mungu, mwingine amempoteza, siku moja, chumba kimoja, kwa maneno yale yale.

Jumanne, 20 Juni

Sala imechukua saa mbili na nusu. Jacques amemfungisha mtoto tangu Ijumaa, maji tu, ili pepo akose chakula. Hakuwa na nguvu hata ya kuniuma. Nilipomwinua kwenye godoro nilidhani nimeinua koti.

Jumatano, 21 Juni

Leo nimegombana na Twalib. Twalib ni fundi viatu, Mwislamu wa Tanga, tunagawana duka moja mwaka wa saba sasa: yeye upande wa mlango, mimi upande wa dirisha. Hana dini yangu wala timu yangu, lakini sukari yake ndiyo yangu.

Alikuwa anapiga kisigino msumari, akasema bila kuinua kichwa: "Ninyi Wakatoliki mna haraka. Kazi yenu kufukuza tu, toka, toka. Kwetu Tanga pepo anaulizwa kwanza: una shida gani, bwana? Unataka nini?"

"Huyu ameshasema anachotaka."

"Kasemaje?"

"Anataka aliliwe."

Twalib akaweka nyundo chini. "Sasa hilo nalo mpaka pepo?"

"Anajua tarehe, Twalib! Tarehe ya kifo ambayo mtoto hakuambiwa na mtu!"

Akanitazama. Akatazama juu ya kabati. Akanitazama tena. "Ignace," akasema polepole, "mimi nilikuwepo siku ile. Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

Nikamwambia afunge mdomo wake wa nazi. Nikamwambia maneno mengine ambayo daftari la kanisa halistahili. Yeye akachukua nyundo akaendelea na kisigino cha watu.

Haya. Naandika sasa. Ukurasa huu naweza kuuchana.

Ndani ya mfuko wa miraba mna fulana arobaini na sketi kumi na mbili za matanga ya Brigitte. Jacques alinipa kazi hii mwanzoni mwa Mei, kwa siri, akisema, "Wewe Ignace ni kaburi." Nilifurahi sana kuitwa kaburi. Kila fulana ina picha ya marehemu kifuani, amevaa kilemba cha kijani, na chini yake: Mama Brigitte, 1969, kisha siku, mwezi na mwaka wa kufa.

Tarehe kumi na saba Mei Héritière alikuja dukani na sketi yake ya jinzi iliyofumuka pembeni. Mimi nilikuwa nazungumza. Nilikuwa naeleza jinsi nilivyomshonea yule waziri, nikasimama kuonyesha alivyogeuka mbele ya kioo, mguu wangu ukapiga meza, mfuko ukaanguka, fulana mbili zikateleza mpaka miguuni kwake. Uso wa mama yake ukamtazama kutoka sakafuni.

Alisoma. Nilimwona anasoma. Macho yalikwenda kushoto, yakarudi.

Na mimi nikacheka! Nikasema, "Ah, hizo ni za sikukuu ya kuzaliwa ya mama yako, mjomba wako anataka kumshtukiza, usimharibie!" Nikazikusanya. Akasema, "Asante, Papa Ignace." Akatoka taratibu. Sketi aliisahau, bado iko kwenye msumari. Siku ya tatu akaanguka saluni, mikono ikiwa ndani ya nywele za mteja.

Nilijiambia hakusoma. Halafu nikajiambia alisoma lakini hakuelewa. Nilipoandika kwamba mama yake "amebaki Uvira" nilijisifu moyoni kwamba sijadanganya. Mimi kaburi! Kaburi gani linafumuka kwa kicheko?

Nikisema, mtoto atapona labda. Lakini Jacques atajua, na jiji zima litajua kwamba siri haikai kwa Ignace. Hilo ningelimeza. Lakini mzee atanyang'anywa alichopata. Nimemwona bila fimbo.

Ijumaa, 23 Juni

Moyo Mtakatifu wa Yesu. Mtoto amezimia katikati ya sala, safari hii kimya, kama mshumaa. Tumemkimbiza kliniki kwa gari la parokia, mimi ndiye dereva, robot zote nyekundu nimezipita. Wamemtundikia maji. Nesi, mama wa Soweto mwenye mabega kuliko yangu, alitutazama mapadri wawili na fundi mmoja, akauliza kwa Kizulu na Kiingereza ni nani kati yetu anayemnyima mtoto chakula. Mapadri walitazama viatu vyao, na mimi vyangu. Akasema mwili huu hauna akiba tena. Mkimfanyia tena mliyomfanyia leo, msimlete kwangu, mpelekeni moja kwa moja mnakopeleka watu waliokufa.

Jacques ameingiwa na woga, lakini woga wake unamsukuma mbele. Anataka Jumanne waanze asubuhi, wasiache mpaka pepo atoke. Padri Firmin amekubali. Nadhani na yeye anataka iishe, vyovyote.

Jumamosi, 24 Juni

Leo nimefanya werevu mkubwa kuliko wote wa maisha yangu, na huo ndio upumbavu wenyewe.

Nilikwenda kuungama. Nikapanga mstari na akinamama wazee, nikapiga magoti, nikamweleza Padri François kila kitu kupitia ule wavu: fulana, tarehe, kicheko. Nilidhani nimemaliza. Mzigo umetoka kwangu, umeingia kwake, mtoto ataokoka, na jina langu halitatajwa popote kwa kuwa padri hawezi kutoa siri ya kitubio. Yaani kaburi limepata kaburi lake!

Upande wa pili nikasikia anapumua.

"Alisoma," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Padri."

"Kwa hiyo hakukuwa na..." Hakumaliza.

"Nisamehe, Padri."

"Mungu anakusamehe, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini Ignace, umenifunga mikono. Haya niliyoyasikia hapa siwezi kuyatumia nje. Siwezi kumwambia Firmin, siwezi kumwambia Jacques. Nikitoka kwenye kiti hiki, mimi sijui kitu. Umeelewa ulichofanya?"

Nilikuwa sijaelewa. Nikaelewa hapo, magotini.

"Toka nje," akasema. "Kunywa maji pale bombani. Halafu nitakuwa nimekaa kwenye benchi, na wewe uje uniambie tena, kama mtu anavyomwambia mtu."

Nilitoka. Nikanywa maji. Nikamwona mzee anakuja polepole mpaka kwenye benchi, fimbo imerudi mkononi. Akakaa, akaweka mikono juu yake, akaangalia mbele.

Nikaondoka kwa geti la nyuma.

Jumapili, 25 Juni

Sikwenda misa. Nimeumwa mgongo.

Jumatatu, 26 Juni

Twalib hanisemeshi. Chai amechemsha, kikombe changu amekijaza, amekiweka mbali.

Jumanne, 27 Juni

Saa tatu asubuhi tulikuwa chumbani. Barafu nyembamba kwenye majani ya uwanja. Jacques aliomba ruhusa kazini. Héritière walimketisha kwenye godoro, ameegemea ukuta, ana blanketi mbili. Alinitazama akajaribu kucheka, akasema, "Papa Ignace, leo nitakuuma cha pili."

Padri François alivaa stola. Akafungua kitabu. Akasimama.

Tulisubiri. Padri Firmin akajibu "Amina" mahali ambapo hapakuwa na sala. Mzee alikuwa anatazama ukurasa kama mtu asiyejua kusoma. Mdomo ulifunguka mara mbili, ukafungwa. Machozi yalianza kushuka bila sauti kuingia kwenye ndevu. Mimi peke yangu katika chumba kile nilijua kwa nini. Alikuwa anajua na hajui.

"Padri, unaumwa?" Padri Firmin akauliza.

"Siwezi," mzee akasema. "Sababu siwezi kukupa."

"Hatuwezi kuacha sasa!" Jacques akasema. "Padri, atakufa huyu!"

Padri Firmin akachukua kitabu mkononi kwa mzee. Akajisafisha koo. Akainua mkono.

"Ngoja," nikasema.

Wakageuka. Nilitaka kuanza na kichekesho, naapa, kilikuwa tayari ulimini. Nikakimeza.

"Hakuna jambo lililofichwa. Niliangusha mfuko. Alisoma fulana. Tarehe kumi na saba Mei, dukani kwangu, aliona uso wa mama yake na tarehe yote, na mimi nikamcheka, nikamwambia ni sikukuu ya kuzaliwa. Jacques, kaburi lako ni mimi, limepasuka tangu siku hiyo. Nipige ukitaka."

Jacques aliinuka kweli. Mimi sikurudi nyuma, maana nyuma ulikuwa ukuta.

Lakini aliyesema ni Héritière, kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, ya mtu aliyeamka. "Nilisoma, mjomba."

Jacques akabaki amesimama, ngumi hewani.

"Nilisoma nikarudi nyumbani. Nikangoja mniambie. Ukaingia wewe unapiga mluzi. Nikakuuliza mama hajambo? Ukasema hajambo, simu yake imeingia maji. Kila mtu akaja kwangu anacheka. Nikasema watu wazima wote hawa hawawezi kuwa waongo, basi fulana ndiyo inayodanganya. Nikasema nikilia mimi wa kwanza, wakati hamjasema, nitakuwa mimi ndiye niliyemuua." Akavuta blanketi. "Sikujua nikalilie wapi."

Padri Firmin alikaa chini, sakafuni kabisa, kitabu mapajani, akasema kwa Kifaransa kitu kama "Bwana wangu," na nadhani safari hii hakuwa anasoma.

Jacques ndiye aliyefanya lililokuwa la kufanywa. Alishusha ngumi. Akavua kofia yake ya kazi. Akapiga magoti mbele ya godoro, akamshika mtoto mikono yote miwili, akasema kama wakubwa wanavyosema, neno kwa neno, ijapokuwa sauti ilikuwa inakatika: "Héritière, mwana wa dada yangu. Tumekaa hapa wakubwa wako. Tuna habari, na habari ni nzito. Mama yako Brigitte ametutoka."

Ndipo akalia. Mimi nimesikia vilio vya nchi nne. Kile kilitoka tumboni kwake kikafungua dirisha. Hakurushwa, hakukunja kidole hata kimoja. Alilia tu kama mtoto anayelilia mama yake, Jacques akalia naye, na mimi nikalia vibaya, kwa kelele, pua na vyote.

Padri François alijifuta ndevu kwa kiganja. Akachukua kitabu kingine mfukoni, kile kidogo cha marehemu. Stola hakubadilisha. Zambarau ya pepo na ya msiba ni ile ile.

Jumatano, 28 Juni

Héritière amekula uji. Saa nne. Saa saba amekula tena, na yai.

Jacques amekuja dukani. Amesimama mlangoni. Nikasema, "Nipige basi, tuendelee na kazi." Akasema, "Lete mfuko." Akahesabu fulana. Akasema kola za sketi tatu zimepinda. Nikamwambia sketi haina kola. Akacheka kwanza, halafu akalia, halafu Twalib akampa chai. Na mimi nikapewa, kikombe karibu.

Jumamosi, 1 Julai

Matanga, uani kwa Jacques. Joël amefika na basi la Cape Town, karatasi au bila karatasi, hakuna aliyemuuliza. Watu arobaini na nyuso za Brigitte arobaini vifuani, kilemba cha kijani kila unapotazama. Majirani wa Kizulu walileta sufuria kubwa la mahindi. Twalib alivaa fulana juu ya kanzu yake, akakaa na wanaume mpaka mwisho. Héritière alikaa kwenye mkeka katikati ya akinamama, amesukwa kichwa chote. Wasusi wenzake walimsuka jana wanne kwa pamoja.

Alisimulia mama yake alivyokuwa anakohoa akicheka. Aliiga kikohozi. Ilikuwa sauti ile ile ya chumbani, na hakuna aliyekimbia.

Jumanne, 4 Julai

Saa tisa alasiri, saa ya pepo, Padri François alikuja dukani na stola. Anataka ule msalaba uliopinda uwekwe sawa. Kumbe miaka yote alikuwa anauona.

Nilishona yeye akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Nikasema, "Padri, nimekunyang'anya shetani wako. Pole."

"Alikuwa mzuri sana," akasema. "Siku nane nililala kama mtoto." Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka mpaka Twalib akazima redio. "Ignace, nilikuwa namwamini Mungu kwa ushahidi wa shetani! Mzee mzima!"

"Na sasa, Padri?"

Alifikiri. "Sasa nakadiria tena. Lakini siku ile, yule binti alipolia, nilifungua kitabu cha marehemu, nikasoma, na sikujiuliza kama kuna mtu anasikiliza. Nilisahau kujiuliza. Nilitambua nikiwa nyumbani, navua viatu." Akaipokea stola, akaigeuza. "Umeuweka sawa. Inaonekana ngeni."

"Nirudishe?"

"Acha."

Jumapili, 23 Julai

Padri Firmin amehubiri. Mara moja alikosea, akacheka. Kanisa zima lilishtuka.

Ijumaa, 11 Agosti

Upepo wa vumbi la migodini umeanza, baridi inaondoka. Kesho nalirudisha daftari kwa Padri Firmin. Alisema litakwenda kwa Askofu. Ukurasa wa tarehe ishirini na moja Juni sikuuchana. Baba Askofu, yale ya Harare pia ni kweli, ila zilikuwa siku mbili.

Nilikuwa naandika hapa Héritière alipoingia, na mfuko wa rasta begani, anatoka saluni. Amenenepa kidogo. Alisalimia, akaangalia ukutani, akaenda moja kwa moja kwenye msumari akachukua sketi yake ya jinzi. Akaigeuza upande huu. Akaigeuza upande ule. Pembeni imefumuka vile vile kama alivyoileta.

"Eish, Papa Ignace! Tangu Mei?"

"Nilikuwa na kazi nyingi, mwanangu."

"Kazi gani? Miezi mitatu, mshono mmoja! Na unajiita fundi wa mawaziri?"

Twalib amecheka mpaka amemeza msumari, au karibu. Mtoto amevuta kiti, ameketi, ameweka miguu juu ya kingine, anasema hatoki hapa mpaka imalizike, na anaendelea kunigombeza. Na uzi wa bluu sijui nimeuweka wapi.